Kaka wa Viatu

Visu viligonga meza za mbao kwa pamoja, kama mvua ya ghafla juu ya bati. Hivyo ndivyo wakunja sigara wa kiwanda cha Placetas walivyomshangilia msomaji wao. Kisu cha Nicanor pekee kilibaki kimelala.

Juu ya jukwaa, Leandro alikusanya karatasi zake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwasomea hadithi huku mikono yao ikikunja tumbaku, na miaka yote hiyo kaka yake, Nicanor, alikaa meza ya tatu akisikia watu wakiisifu sauti ile. Kila sifa ilimchoma.

"Sasa hao ndio ndugu!" alisema Hortensia, jirani yake wa mezani, akijifuta machozi kwa kiwiko. "Viatu jozi moja nyumba nzima. Kaka mtu anampa mdogo wake aende shule, yeye anaingia shamba la miwa miguu mitupu, tena anacheka! Si kama yule shetani wa Jumatatu."

Katika hadithi ya Jumatatu, kaka mwenye wivu alikata mkanda wa tandiko la mdogo wake, kisha akajuta, akamkimbilia farasi njia nzima, akipiga kelele ili mdogo wake asivuke mto.

"Yule wa Jumatatu ni mtu," akabisha mzee Evaristo kutoka meza ya nyuma. "Huyu wa leo ni sanamu ya kanisani."

"Nyamaza, we!" Hortensia akamkatiza. "Umezaliwa peke yako, ndugu utawajulia wapi?"

Wakacheka.

"Leandro, ya leo kaandika nani?" Hortensia akauliza.

Leandro alimtazama kaka yake. "Mimi."

Vichwa vyote vikamgeukia Nicanor.

"Kumbe kaka wa viatu ni wewe! Na ulivyo bubu!" Hortensia alimpiga kofi la mgongo. Visu vikalia tena, safari hii kwa ajili yake.

Jani la kufungia sigara kwa nje, jembamba kama ukope, lilimchanikia vidoleni. Shule aliichukua Leandro. Sauti kapewa yeye. Sasa amelichukua hata donda lenyewe, akalipaka rangi na kulipandisha jukwaani.

Nicanor akasimama.

"Viatu sikumpa."

Aliwageukia waliokuwa wakigonga visu.

"Nilivifukia nyuma ya banda la nguruwe, siku tatu. Baba alinichapa mpaka nikavifukua. Huyo wa leo simjui. Wa Jumatatu ndiye namjua."

Leandro alishika ukingo wa jukwaa. "Najua, kaka. Nilikuona ukivifukia."

"Ulikuwa na miaka saba!"

"Nilikuwa dirishani."

"Na hukusema?"

"Nilidhani utavitoa mwenyewe."

Nicanor alihisi masikio yake yakiwaka moto. Hata kwa ukimya ule, mdogo wake alimzidi.

"Basi mbona unanivika utakatifu mbele za watu?"

"Nilitaka kuona tungekuwaje kama ungenipa viatu."

"Tusingekuwa sisi." Alikaa kwa kishindo. "Soma ya Jumatatu."

Leandro alipekua karatasi mpaka akaipata. Hakusoma kutoka juu. Alishuka ngazi, akavuta kreti tupu, akaketi bega kwa bega na kaka yake, akaanza kwa sauti ya chini mno, hata waliokuwa nyuma wakaacha meza zao, mmoja mmoja, wakasogea.