Bunduki ya maji ya Saint Jean

...na bado inavuja, hapa kwa shingo, pahali tuyau ya kumwangia maji bustani inaingia ndani ya ile ya plastiki ngumu, nimezungusha chambre à air, ule mupira wa ndani ya gurudumu, mara tatu, nimekaza mpaka ukucha umevunjika, na maji inatoka tu pembeni, inanilowanisha magoti, hii ni kazi ya Dany, bwana yangu, si yangu, mimi nilisomaka droit, sheria, naandikaka raporo kwa ofisi, nani alisema najua kutengeneza bunduki ya maji, lakini kesho ni Saint Jean, sikukuu ya Yohana Mubatizaji, na Saint Jean hapa Nyalukemba batoto banamwangiana maji tangu asubuhi, hata bwana mwenye kravati akipita banamumwangia na anacheka tu, atafanya nini, ni sikukuu, na kila mwaka bunduki ya Mapendo njo ilikuwa inafika mbali kupita zote, baba yake anaiunga kwa robine ya maji, anafungua, avenue muzima inakimbia... tundu ndogo, maji mbali, alikuwa anasema vile akitoboa kifuniko na musumari ya moto, na mimi nimetoboa tundu ya kupitisha kidole, ona sasa, maji inaanguka hapa hapa miguuni, Dany angecheka mpaka ashike mbavu, mimi ningenuna mpaka jioni, Mungu wangu, vile ningependa kununa leo... “Maman, kaza na huku,” Mapendo anasema, amekaa juu ya bidon ya maji, ameshika tournevis, bisibisi, kama fundi, miaka tisa na ananiamuru, “naona, naona,” namujibu, sioni kitu, macho imejaa, nitasema ni maji ya tuyau.

Eko Kalehe, njo vile nilimuambia, papa eko Kalehe, kazi ya kule imelefuka, na siku ile haikuwa uongo, alienda kweli, kuweka tanki na marobine kwa kijiji kimoja kule, kuenda alienda vizuri, ni kurudi njo hakurudi, boti ilizama mwezi wa tatu, upepo, mizigo mingi, sijui, kila mutu na yake, batu kumi na mmoja balitoshwa ndani ya ziwa bamekufa, balilazwa pembeni, nilienda, niliangalia moja moja, yeye hapana, basi kama sijamuona nitasema nini, nitasema amekufa, nani ameona, mama yake, Maman Adèle, alinipigia kutoka Mudaka, Noëlla mutoto wangu, tukae kilio, hata bila maiti, Mungu anajua pahali eko, nikamujibu vibaya, mimi, kilio ya nani, umeona nani, nikakata telefone, akakaa kilio pekee yake kule na majirani, mimi nikaenda kazini na pagne, kitenge ya rangi ya machungwa, si ya kilio, bakaniangalia, baangalie, macho haina pazia... na Pâques, Pasaka, nikamutuma Mapendo kule kwa Maman Adèle, koko yake, kupumzika, nikamuambia mama, mutoto hajui kitu, usimuambie, akasema sitamuambia, na najua hakumuambia, yule mama akikubali neno anakubali, nilikuwa mwerevu sana, nilifikiria yote, nilisahau misa... lakini sikuwa najua nimesahau, najua sasa, juu Mapendo ameweka tournevis chini, anaangalia maji inatiririka katikati ya miguu yetu, anasema, “Maman, nikikuambia kitu hautanikasirikia?”, sema, “Kule kwa koko, ku misa, padri alisoma majina ya bale balikufa, ya kuombea. Alisoma ya papa. Koko aliniziba masikio lakini nilikuwa nimeshasikia,” na mikono yangu inaendelea kuzungusha mupira, yenyewe, mara ya nne, nasikia sauti yangu inauliza na wewe ulifanya nini, “Niliitika. Bwana utuhurumie. Kama batu bote.” Na juu ya nini hukuniambia, Mapendo, tangu Pâques, juu ya nini? “Wewe ulikuwa unasema eko Kalehe. Nilisema nikuache kwanza.”

Nikuache kwanza... kila juma mosi alikuwa ananiuliza, papa anakuya lini, alikuwa anajua na ananiuliza, na mimi najibu haraka, bado kidogo, kazi haiyaisha, naenda jikoni na moyo mwepesi, nilikuwa namudanganya vizuri, nilifikiri, nilimuchunga, na ni yeye alikuwa ananichunga, mutoto wa miaka tisa alilia pekee yake chini ya blangeti miezi miwili ili mimi nisilie, na nani alimushika, hakuna mutu, mama yake alikuwa anavaa rangi ya machungwa, nisamehe, mutoto wangu, nisamehe, haitoki mudomoni, inazunguka tu ndani, nitamupigia Maman Adèle, nitamuambia mama kuya, tutatosha viti yote ya salon, tuiweke nje ya nyumba, tutatandika mikeka, kuya tulie na mujukuu wako, Dany amekufa, najaribu kuisema ndani ya kichwa kwanza, Dany alikufa, Dany wangu alikufa mwezi wa tatu na alikuwa na miaka makumi ine na moja, na maji inavuja, na Mapendo anagusa mukono yangu na ncha ya kidole, anasema polepole, “Maman, umeacha kukaza.”