Ng'ombe Aliyeumwa Kichwa

Fundi cherehani alikuwa akishona mikono ya ovaroli, wifi yake alipoingia na ndoo ya kukamulia, akamwambia kwamba Redio anaongea tena.

"Ameamka?" fundi aliuliza, pini amezibana mdomoni.

"Wapi! Bado kalala palepale kitandani. Anaongea zizini, ndani ya Bibi Harusi."

Fundi alitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa. "Anasemaje?"

"Kichwa kinamuuma. Na anakuulizia wewe."

Redio alikuwa mume wa fundi, mkamuaji wa shamba la maziwa, mtu aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikamua huku akisimulia, na ng'ombe walishusha maziwa kumsikiliza. Kisha mbung'o walimuuma, akaanza kusinzia mchana: kwanza juu ya kigoda, halafu tonge likiwa mkononi, halafu katikati ya sentensi. Sasa alikuwa amelala moja kwa moja. Malale ni ugonjwa usio na makelele.

Mbung'o hupenda rangi ya buluu. Hilo kila mtu shambani alilijua, maana zamani mitego ya kitambaa cha buluu, iliyolowekwa sumu, ilitundikwa kuzunguka malisho yote. Fundi ndiye aliyeishona. Upepo ulipoichana, meneja alipiga hesabu ya sumu, akaona ni ghali. Majora yaliyobaki akaamuru yashonwe sare za wafanyakazi. Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, wakamuaji na wachungaji walitembezwa kandokando ya vichaka wakiwa wamevaa buluu yao, na mbung'o walikula wakashiba. Ng'ombe walipotoka, walikuta meza imekwisha kuondolewa. Waliwanda vizuri.

Haikuwa siri. "Sare imewakaa," meneja aliwaambia mkutanoni, na kweli ilikuwa imewakaa. Wala halikuwa jambo la jana. Enzi za babu yake meneja, babu zao walisukumwa kwenye vichaka hivyohivyo, kifua wazi, wafyeke ili ng'ombe wapate pa kulisha. Waliolala kule waliitwa wavivu, na wajukuu zao wanaitwa hivyo mpaka leo.

Ila mbung'o mmoja mmoja huwa hatosheki na sahani moja. Alimuuma Redio, akamuuma na Bibi Harusi, ng'ombe mweupe aliyeongoza kwa maziwa, na damu zao zikafahamiana. Mwenye mwili alipolala, sauti ilihamia kwa aliyekuwa macho.

Fundi alimkuta Bibi Harusi amefungwa kwenye nguzo, anacheua.

"Mama watoto," ng'ombe alisema kwa sauti ya Redio, "umechelewa."

"Nilikuwa kazini."

"Kazi gani! Unashona sanda za buluu." Alimeza alichokuwa akicheua. "Kichwa kinapasuka, mke wangu. Mwambie meneja nipelekwe hospitali. Nikikawia nitakwenda na maji."

Dawa ya malale ya watu ilikuwepo hospitali kubwa, safari ya nusu siku, na shamba lilikuwa na gari moja tu, la maziwa. Fundi alikwisha kuliomba. Meneja alimjibu kwa upole kwamba gari la maziwa ni la maziwa. Safari hii alimkuta anakunywa chai.

"Bwana meneja, Redio anasema kichwa kinapasuka."

"Redio si amelala? Aliyelala usimwamshe, mama. Ukimwamsha utalala wewe."

"Anasema kwa mdomo wa Bibi Harusi."

Meneja alisimama, chai ikamwagika. "Bibi Harusi anaumwa kichwa?"

Alichukua ufunguo mwenyewe, akampa dereva. Maziwa ya asubuhi yalimwagwa mtaroni ili gari liwe jepesi, na jioni lilirudi na daktari wa mifugo. Daktari alimuuliza ng'ombe homa ilianza lini, ng'ombe akamweleza, pamoja na usingizi wa mchana na magoti yanayolegea. Daktari alisema ni nadra kupata mgonjwa anayejieleza vizuri namna hii. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Daktari," fundi alisema, "mgonjwa mwenyewe yuko nyumbani. Hapo tu, nyuma ya matangi."

"Dawa hii ni ya mifugo, mama. Ya watu iko hospitali."

"Basi gari likikurudisha, limbebe na yeye."

Daktari alimtazama meneja. Meneja alitazama gari.

"Nyuma kuna joto," alisema. "Tutamtesa bure."

Daktari alipokwisha kumdunga Bibi Harusi sindano, fundi alitoka, akasimama mbele ya gari, kiganja juu ya boneti. Wifi yake alikuja akasimama naye, ndoo mkononi, kisha wakamuaji wengine, buluu tupu, mpaka njia ikaziba. Dereva aliwasha injini. Hakuna aliyesogea. Dereva alipiga honi. Wifi alimwambia aipige mpaka betri ife, akitaka acheze na muziki huo.

"Nitawafukuza wote," meneja alisema bila kupandisha sauti.

"Tufukuze," fundi alisema. "Lakini mume wangu anapanda."

Boneti ilikuwa imeanza kumchoma kiganja. Hapo sauti ikatoka zizini, safi, isiyo na maumivu.

"Mama watoto! Wapishe. Mimi nimeshapata nafuu."

Wote waliijua sauti ile. Wifi alishusha ndoo, akacheka kwa machozi. Watu walipisha, mmoja mmoja, wakipeana mikono kama waliotoka harusini. Fundi aliondoa kiganja. Gari lilipokwisha kupotea kwenye vumbi, alikimbia nyumbani kumwandalia mumewe uji.

Redio alikuwa amelala kama alivyomwacha. Uji ulipoa. Asubuhi na yeye alikuwa amepoa.

Walimzika na sare yake. Ng'ombe aliuliza nani na nani walihudhuria, akaambiwa. Akauliza nani alilia kwa kujionyesha, akaambiwa pia. Maziwa yake yaliongezeka. Meneja alimwekea zamu ya kuwaita wafanyakazi alfajiri, kwa kuwa sauti ile waliitii bila manung'uniko.

Siku moja baada ya matanga fundi aliingia zizini, akaifungua kamba kwenye nguzo.

"Twende nyumbani, baba watoto."

Bibi Harusi hakuinua mguu.

"Nyumbani nikiugua tena," Redio alisema taratibu, "gari litakuja?"

Fundi alisimama na kamba mkononi. Alilifikiria swali lile kwa haki, upande huu na upande ule. Kisha akamrudisha mumewe kwenye nguzo, akakaza fundo mara mbili, asije akafunguka akapotelea huko kwa watu.