Kivuko cha Christabel

Ndugu yangu Oduori alifundisha sheria miaka kumi na minne, akawa balozi miaka tisa, na sasa ni Rais. Kila alipopanda cheo nilipiga vigelegele hapa Namboboto hadi sauti ikanikauka. Kitabu chake ninacho juu ya kabati. Humo ameandika kwamba mpaka uliopita katikati ya watu wa nyumba moja hauna haki ya kuwatenganisha. Alipokuwa balozi alitia saini mkataba wa kuturuhusu tuvuke kwenda Uganda kuzika na kuozesha. Basi mimi nisielezwe habari za sheria.

Jumatatu dada yetu mkubwa, Christabel, alifia hospitalini upande wetu wa Busia. Jumanne Oduori akafunga mpaka, eti kuna magendo ya silaha. Hata maiti zisipite. Okwara, mume wa Christabel, alikuwa ng'ambo, Uganda, na kaburi ameshachimba. Kwetu mwanamke aliyeolewa huzikwa kwa mumewe. Akirudishwa kwa baba yake, hulazwa nje ya ua, kama mtu aliyefukuzwa. Christabel ameishi na Okwara miaka arobaini na mbili na hajafukuzwa na yeyote.

Pale mpakani nilimwonyesha afisa cheti cha kifo.

"Pole sana mama," akasema. "Lakini hii order imetoka juu kabisa. Sasa mimi nitado nini?"

"Huyo wa juu nimemwosha makalio," nikamwambia. Akaangalia viatu vyake.

Nilimpigia Oduori nikiwa kando ya gari lililobeba jeneza. Alipokea mara ya tano.

"Roselida, nikimfungulia dada yangu, wengine wataniuliza kwa nini wao sikuwafungulia."

"Si uwafungulie wote!"

"Si rahisi hivyo."

Ilikuwa sauti yake ya darasani. Nilikasirika.

"Basi kaa na sheria yako. Tutapita mto Sio, pale kwenye mawe, ambapo Christabel alikuwa akikuvusha mgongoni kwenda shule ya ng'ambo. Pale hapajui mtu ila sisi watatu."



"Msiende huko," akasema polepole. "Kuna wanajeshi. Waliniuliza kama kuna njia iliyobaki wazi."

"Na nani akawaonyesha?"

"Niliwachorea mimi."

Nilikata simu, nikalia mbele za watu bila haya.

Tulimzika Jumamosi, nje ya ua wa baba. Oduori alikuja na walinzi wake, akasimama kando yangu. Nilikuwa nimeinua simu juu ya kaburi ili Okwara asikie maombi kutoka ng'ambo. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Okwara akaniita kwenye simu.

"Shemeji, mmemlaza wapi mke wangu?"

"Ndani," nikasema. "Ndani ya ua, mzee."

Oduori alinisikia. Akainamisha kichwa, na hakunisahihisha.