Mwanafunzi Hodari wa Mwalimu Nickolaus

Mboni, mama yake Ilham, alikuwa na duka la vitenge Ifakara mjini, na kwa miaka mingi alipeleka mali yake soko la Kiberege kwa magari ya kukodi. Aliponunua kirikuu chake mwenyewe, kile kigari kidogo cha mizigo, aliapa kwamba hakuna dereva wa kuajiriwa atakayekigusa. Akajiandikisha shule ya udereva, mama wa miaka hamsini na ushei katikati ya vijana waliompa shikamoo kabla ya kumpisha kwenye benchi.

Mwalimu wake, Nickolaus, alikuwa dereva wa zamani wa malori ya miwa kule Kidatu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Somo la kwanza lilikuwa fupi: "Mama Ilham, wewe nitazame mimi, halafu fanya hivyo hivyo."

Hakujua anamwambia nani. Mboni alisoma Kurani utotoni kwa kuufuata mdomo wa ustadhi wake, na aliamini kuwa mwanafunzi anayepunguza hata herufi moja ya mwalimu amejitafutia laana. Akakaa ubavuni mwa Nickolaus akimtazama bila kupepesa. Klachi akaishika, gia akazishika, kioo cha pembeni akakishika. Na mengine pia akayashika.

Siku ya jaribio alikuja askari wa usalama barabarani, afande Ester, mwanamke mtulivu mwenye sauti ya chini. Akaketi mbele kwenye gari la shule ya udereva, Nickolaus akapelekwa kiti cha nyuma. Mboni akapiga bismillahi, akaupitisha mkanda nyuma ya mgongo wake na kuufunga huko, akatoa kiwiko dirishani, akaondoa gari. Afande akamwomba aufunge mkanda mbele kama watu wengine. Mboni akatii, ingawa moyoni aliona anaharibiwa mafunzo.

Wakashika lami ya kuelekea Kiberege. Mbele ya shule ya msingi, kwenye kibao cha mwendo wa hamsini, Mboni alipita na themanini, wanafunzi wakarudi nyuma majanini. Darajani akatoa simu, akaiweka sikioni, akasema yuko njiani, anakaribia. Mbele kidogo, mahali pasipo nyumba wala mtu, mashamba ya mpunga matupu kulia na kushoto, akapunguza mwendo hadi wakapitwa na baiskeli yenye gunia la mkaa.

Afande akamuuliza alikuwa anazungumza na nani. Mboni akasema hakuzungumza na mtu. Mwalimu akifika darajani hupiga simu, kwa kuwa mtandao unashika vizuri pale. Yeye hakuwa na wa kumpigia, lakini hakutaka kuruka somo.

"Na hapa mbona umepunguza, mama, na pale shuleni hukupunguza?"

"Hapa ndipo mnapojificha," Mboni akajibu kwa ukunjufu. "Pale shuleni hamkai."

Kiti cha nyuma kikakohoa.

Afande akaamuru gari liwekwe pembeni. Aligeuza uso dirishani akayatazama mashamba kwa muda, mabega yakimtetemeka, hata Mboni akadhani analia. Alipogeuka uso ulikuwa mkavu. Akamuuliza Nickolaus naye alifunzwa udereva wapi. Nickolaus akasema alikuwa utingo, akafundishwa na dereva wa lori lake.

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa, afande." Nickolaus akatazama viatu vyake. "Kwa ajali."

Afande akaamuru gari ligeuzwe, wakarudi mjini.

Mboni alifeli. Alirudi dukani amefura, maana hakuwahi kufeli kitu maishani, na siku nzima alipanga maneno ya kumkomoa Nickolaus. Lakini Nickolaus alipokuja jioni, amesimama mlangoni kofia mkononi, akieleza kwamba shule imemsimamisha mpaka asome upya, Mboni akayaacha maneno yote aliyoyapanga. Alikumbuka wale watoto majanini. Akamwambia ampishe mteja aingie, halafu akamwambia watasoma pamoja.

Wakaanzishwa upya na mwalimu mpya, Getrude, binti mdogo aliyewasimamisha ukingoni mwa barabara siku nzima wakisoma alama kabla ya kuwaruhusu kugusa usukani. Ikabainika kwamba Nickolaus anaweza kurudisha kinyumenyume lori lenye tela mpaka kwenye kona ya shamba, lakini mstari usiokatika katikati ya barabara alikuwa akiuona kama pambo tu. Mboni alifaulu jaribio la pili. Nickolaus alianguka kwenye mtihani wa alama za barabarani.

Basi ikawa, akisharudi kutoka Kiberege, Mboni anamketisha Nickolaus juu ya marobota ya vitenge na kumwonyesha alama moja moja kitabuni, mita yake ya mbao ya kupimia vitambaa imelala mezani. Wateja waliosubiri nao wakaanza kujibu. Jana Nickolaus alichanganya mara mbili alama ya kivuko cha watoto na ya ukarabati wa barabara. Mboni akafunga mlango wa duka, wakaanza mwanzo.