Jumamosi Zilizosimama Chuno

Mwalimu Isaya hakuwa na gari, hakuwa na shamba la korosho, hakuwa na feni inayozunguka sawasawa, hakuwa na shemeji wala mjomba Mtwara nzima, na kwa kuwa alikuwa Mnyiramba wa Singida, hakuwa na mtani kwenye meza aliyoikalia kila Jumamosi. Sasa hakuwa na muda pia. Barua ya uhamisho wa kwenda Rukwa ilimfikia Jumatatu, nayo ilimpa wiki nne za kukata rufaa, mradi atoe sababu.

Sababu ndiyo iliyomsumbua. Alikuwa amefundisha hisabati Mtwara miaka saba, na watu aliowaita wake walikuwa watatu tu. Alitaka kwanza ajue kama watu hao wanamjua. Wakimjua, atakata rufaa. Wasipomjua, Rukwa nako kuna shule.

Walikutana saa tisa alasiri katika duka la ushonaji la Husna, mtaa wa Chuno, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mchezo wao ulikuwa wa kusimulia. Mmoja husimulia dunia na maadui waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, husema mhusika anafanya nini, na dadu lenye nyuso ishirini huamua kama amefaulu. Kwa miaka yote saba msimulizi alikuwa Isaya. Sudi, mpima korosho katika ghala moja la Nanyamba, alikuwa mbilikimo wa milima ya theluji, jina lake Bwana Chuma. Husna alikuwa mchawi wa kasri. Amiri, mwendesha kreni bandarini, alikuwa mpiga upinde mwenye masikio marefu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona theluji.

Jumamosi ya kwanza Isaya alikuja na kompyuta ndogo na flashi aliyopewa na wanafunzi wake. Ndani ya flashi mlikuwa na katuni za Kijapani, ambazo wanafunzi waliziita anime, na Isaya alikuwa akizitazama peke yake mwaka mzima. Alisema angependa wajaribu mchezo mpya unaofuata mtindo huo. Wakatazama dakika ishirini bila kusema kitu, jambo lililompa matumaini bure.

Sudi alisema mtu mwenye macho makubwa kama komba hawezi kupigana mchana. Husna hakuona kingine ila sketi fupi za wanafunzi wa katuni. Alisema fundi aliyezikata amrudishie mwenye kitambaa kilichobaki. Amiri aliuliza kwa nini kila mtu anataja jina la pigo kabla ya kulipiga.

"Adui si anasikia?" alisema. "Anakwepa."

"Hakwepi," alisema Isaya. "Anasubiri. Mwenzake akishataja pigo, anakumbuka kwanza alikotoka. Mama yake, kijiji chake. Adui anamwacha amalize ndipo wapigane."

"Huyo siyo adui," alisema Sudi. "Huyo mkwe."

Husna akafunga kompyuta kwa adabu, kama mtu anayefunika chakula kilichochacha. Alisema katuni ni za watoto, na wao ni watu wazima. Isaya alimtazama mwanamke huyo, ambaye mwezi uliopita alifunga duka siku mbili kwa sababu farasi anayesema alikufa mchezoni. Alitoa kwenye mkoba kaunta buku yenye kurasa arobaini za kanuni alizoziandika kwa mkono, akasema ni mchezo huu au hakuna mchezo. Walikubali kwa kuwa chai ilikwisha miminwa vikombeni.

Katika mchezo mpya wote walikuwa wanafunzi wa chuo kinachoelea mawinguni. Wahusika waligawiwa kwa kura. Sudi, mwenye miaka hamsini na mbili, alipata msichana wa kidato cha tatu mwenye nywele za fedha, akaridhia kwa sharti moja tu: aitwe Bwana Chuma. Basi msichana akaitwa Bwana Chuma.

Lilipotokea dubwana la kwanza, Sudi alitangaza shoka. Isaya alimkumbusha kwamba hakuna shoka; ataje pigo, kisha akumbuke. Sudi akaguna, akasema, "Pigo la Mzani Mtupu," kwa sauti ya mtu anayeita namba ya gunia, halafu akaanza kumkumbukia yule msichana utoto wake. Baada ya sentensi mbili utoto ule ukawa wake mwenyewe. Alieleza jinsi kaka yake alivyovuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kutafuta kazi Msumbiji, akamwachia viatu amshikie ili visilowe, na hakurudi kuvichukua.

Alipokuwa akisema, wakati ulisimama. Nje, kuku alibaki na mguu mmoja juu. Bajaji ilibaki imeinama kwenye kona, abiria wake ameshika kofia. Maji aliyoyamwaga mama wa jirani yalibaki hewani, yamejikunja kama shuka. Sudi alizungumza kama nusu saa, na saa ya ukutani ikabaki kwenye kumi na robo.

Amiri alikuwa Myao wa Masasi, Sudi na Husna Wamakonde, kwa hiyo ni watani, na neno la uchungu likisemwa ni kazi ya mtani kulijibu.

"Kaka yako hakukimbia umaskini," alisema Amiri. "Alikimbia harufu ya viatu vile. Wewe ukavishika mpaka leo, Mmakonde hatupi kitu."

Sudi alicheka mpaka akafuta macho. Kuku akashusha mguu, maji yakaanguka. Husna alitazama saa, akasema angejua mapema angeleta gauni la watu alipinde.

Jumamosi ya pili alilileta. Alitaja Pigo la Sindano Elfu, akakumbuka nguo ya harusi aliyomshonea dada yake, ikaja kuvaliwa na mwanamke mwingine kwa bwana harusi yuleyule, na huku akikumbuka alimaliza pindo lote na vifungo sita. Amiri alimjibu kama inavyopasa. Siku hiyo ndipo walipoelewa wakati unasimama kwa nani. Mariamu, mteja aliyekuja kuchukua sare, alikuwa mlangoni akisikiliza, naye hakusimama. Alijongea, akavuta kigoda, akakaa. Mumewe aliyekuwa nyuma yake akitazama simu alisimama kidole juu. Wakati ulisimama kwa asiyesikiliza tu. Mariamu alisema ni utaratibu mzuri, akamtoa mumewe jua usoni kwa kumsogeza kivulini.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya Amiri. Kufikia hapo mtaa ulikwisha zoea. Wanawake walipika maharage kabla ya saa tisa au baada ya kumi na mbili, kwa kuwa katikati hapo moto ulisimama na hayakuiva. Wale watatu nao waligeuka kuwa wajuzi. Sudi alimweleza Isaya makosa katika kanuni za Isaya. Husna alisema watu wanaodharau anime hawajasoma. Isaya alimeza chai yake.

Jumamosi ya nne, zikiwa zimebaki siku mbili za rufaa, alisema leo naye atacheza, na msimulizi awe Sudi.

"Sasa dubwana litasemwa na nani?" aliuliza Husna.

"Na Sudi."

"Sudi hajui sauti zake."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Sudi aliipokea kaunta buku akiwa amenuna, akasoma kwa kidole: dubwana limeinuka, limezuia lango. Isaya alikuwa mpishi wa chuo. Aliinuka kitini, jambo ambalo halikuwa la lazima.

"Pigo la Kijiko cha Mwisho," alisema, akaanza kukumbuka.

Sudi aliganda na chapati nusu mdomoni. Husna alisimama akiwa ameivuta sindano, uzi umenyooka. Amiri alikuwa amefungua mdomo kumwambia Husna jambo la kreni, akabaki hivyohivyo, meno yote nje. Isaya alingoja kidogo, kwa heshima, kama anavyongoja darasa linyamaze. Kisha akaendelea, kwa kuwa alikwisha taja pigo.

Aliwaambia kwamba mkewe, Upendo, alifariki miaka minane iliyopita, hospitalini, huko kwao. Siku ile alimlisha uji, naye kwenye kijiko cha mwisho akasema hauna sukari. Isaya alitoka kutafuta sukari. Aliporudi kitanda kilikuwa kimetolewa shuka. Aliwaambia ndipo alipoomba kituo cha mbali kuliko vyote, akapewa Mtwara. Hapa wao watatu walimkuta mtumishi wa bara yuko peke yake, wakaamua wenyewe kwamba mke yuko Singida, kama wa watumishi wengine, na kila Idi el-Fitri Husna alimpa kitenge ampelekee. Vitenge vilikuwa saba. Vyote vimo sandukuni kwake, na hakuna aliyewahi kuuliza kama vilimfaa.

Aliwaambia hayo yote bila kuharakisha, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza alikaa. Hakukuwa na mtani wa kulijibu neno hilo.

Sudi alitafuna chapati yake. Uzi wa Husna ukapita kwenye kitambaa. Amiri alimalizia habari ya kreni.

"Haya, umeshakumbuka?" alisema Sudi. "Piga dadu, mwalimu."

Isaya alipiga, likalala kwenye kumi na tisa. Dubwana lilianguka, na wenzake wakampigia makofi mengi, ya kweli. Husna alimwongezea chai, akamwambia hakujua kama ana kipaji. Ndipo Amiri alipokumbuka ile rufaa, ambayo Isaya aliwatajia Jumamosi ya kwanza, akasema haiwezekani mwalimu aende Rukwa wakati lango limefunguka. Husna alileta karatasi na bahasha. Walimzunguka, wakamshika mabega, na kila mmoja alikuwa na wazo.

"Andika mkeo mgonjwa," alisema Sudi. "Wakubwa huiheshimu sana sababu hiyo."

"Anahudhuria kliniki hapahapa Mtwara," aliongeza Husna. "Wewe ndiye unayemuuguza."

Isaya alishusha kalamu. "Mke wangu," alisema.

"Ndiyo, mkeo. Hajambo, tunajua, Mungu amzidishie," alisema Amiri. "Andika, mwalimu. Usitupotezee muda."

Aliwatazama. Walikuwa wanamtaka kwa moyo wote, hilo lilionekana hata kwenye vidole vyao mabegani mwake. Akaandika kwamba mkewe, Upendo, ni mgonjwa. Kwamba uji anakula kidogo, kwa kijiko, na hana mtu mwingine wa kumlisha. Sudi alisoma, akasema hapo pa uji pamekaa vizuri sana, pataaminiwa. Isaya alitia sahihi. Husna alipaka gundi kwenye bahasha, akaikandamiza kwa pasi baridi mpaka ikashika, na Amiri akaitia ndani ya shati, akawasha pikipiki, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.