Hatamu za Ransom

Koplo Dessa Whitlock alikuwa ameshavaa sare ya mazishi, viatu vinang'aa. Mbele yake bandani alisimama Ransom, farasi mweusi ambaye kazi yake ilikuwa kufuata jeneza bila mpandaji, tandiko tupu, buti mbili zikining'inia ubavuni zimeelekezwa nyuma, ishara ya afisa aliyekufa. Wiki iliyopita mtu alifungua mwavuli karibu na farasi huyo, naye akainuka kwa miguu ya nyuma. Ortega, aliyekuwa akimwongoza, alikuwa bado hospitali na bega lililovunjika.

"Na leo mvua," Dessa alisema.

"Naiona." Sajenti Pruitt alikuwa akikaza mkanda wa tandiko. "Shika hatamu kwa ufupi. Kule makaburini usimsemeshe, usimpapase. Macho mbele."

"Akiinuka je, afande?"

"Usimwachie. Ukimwachia tu, anaingia kwenye viti vya wafiwa."

Walipanda kilima nyuma ya gari la jeneza, katikati ya mawe meupe ya makaburi. Kila mwavuli walioupita, Ransom alitega masikio, na Dessa akahisi mtetemo ukipita kwenye hatamu. Hakujua ni wa farasi au wake mwenyewe.

Kaburini, mjane wa kanali aliyekuwa akizikwa alikuwa ameketi mstari wa mbele, bibi mwembamba mwenye glavu nyeusi. Upepo ukavuma ghafla, ukanyakua turubai la plastiki lililofunika viti vya nyuma, likapaa likipigapiga. Ransom akainuka kwa miguu ya nyuma. Dessa akavutwa juu hadi akasimama kwa ncha za vidole, kwato zikikata hewa juu ya kofia yake. Akajua atafia hapo, mbele ya watu waliokuja kumzika mtu mwingine. Vidole vyake vilitaka kuachia. Akaona viatu vya yule bibi, karibu mno, wala havisogei.

Hakuachia.

"Hata mimi naogopa," alinong'ona, amri ya Sajenti imeshamtoka kichwani. "Naogopa sana. Shuka. Tafadhali, shuka."

Farasi akashuka, akihema. Lakini bunduki za heshima, za kumuaga kanali, zilikuwa bado hazijapigwa, na kuzisubiri kulikuwa kubaya kuliko yale yaliyopita. Dessa akaegemeza bega lake kwenye shingo iliyolowa. Mlipuko wa kwanza, wote wawili wakashtuka. Wa pili. Wa tatu. Hakuna aliyeondoka mahali pake.

Watu walipoanza kutawanyika, bibi akapita karibu, akasimama mbali kidogo na farasi.

"Mume wangu alikuwa akiwaogopa farasi maisha yake yote," alisema. "Hakukubali hata kupigwa nao picha."

Dessa aliweka macho mbele, kama alivyoamriwa. Alikaza meno asicheke, na machozi yakamtoka.

Bandani Pruitt alimpokea hatamu. "Nimekusikia ukiongea kule."

"Ndiyo, afande."

"Kesho kuna mazishi mengine. Utamwongoza?"

"Nitamwongoza."

Kisha Dessa akazunguka nyuma ya banda, akashika ukuta, akatapika.