Kiti cha Gurudumu Moja

Kile kiti nilikichomelea mwenyewe karakanani. Gurudumu moja la pikipiki katikati, mikono miwili ya bomba mbele, miwili nyuma. Mmoja anavuta, mwingine anasukuma na kushikilia kisilale. Nilisema hakivunjiki, na hakikuvunjika. Shida nilikuwa mimi.

Aliyekaa ni dada yangu. Miguu yake haijambeba tangu utotoni, lakini ule mdomo unabeba ukoo mzima. Nyuma alishika mumewe. Shemeji haoni kabisa, ila ana mapaja kama magogo. Mbele nilishika mimi. Hakuna aliyenipanga, nilijipanga.

Getini askari wa mlima alitutazama kama watu wanaopandisha kabati.

"Nitaenda na nyinyi," akasema. "Saa sita mchana ikifika hamjafika kileleni, tunageuza. Na naandika kiti hiki hakifai mlima huu. Sitaki kubishana na mwingine tena."

"Hao wengine wapo wanne, wenzangu wa kikundi, nao hawatembei," dada akamwambia. "Wanasubiri utakachoandika. Kwa hiyo chonga kalamu."

Tukaanza. Dada akawa anasema, jiwe hilo, mzizi huo, punguza. Mimi hata sikumsikiliza, nina macho yangu. Nikawa namfokea shemeji, "Inua! Sukuma! Kaza!"

"Shemeji," akaniambia, "kwani huko juu unakwenda kuoa?"

"Wewe sukuma tu."

Tukafika penye mawe yaliyopandana. Nikaona upenyo. "Kulia!" Dada naye, papo hapo, "Kushoto!" Shemeji akasita, mkono mmoja huku, mwingine kule. Kiti kikalala. Mkanda ulimshika dada, lakini kiwiko kilichubuka vibaya.

Askari akaangalia saa. Saa nne na nusu. "Basi, imetosha."

"Haijatosha," dada akasema, bado amelala ubavu. "Niinueni kwanza."

Tukamwinua. Akafuta damu kwa mtandio, akanikazia macho.

"Unajua umekosea wapi?"

"Shemeji hakusukuma."

"Mume wangu ana kichwa kimoja, unamletea sauti mbili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nikasema lile jiwe lilikuwa baya. Hata mimi niliona ni upuuzi.

"Nenda nyuma," akasema. "Yeye aje mbele."

Askari akaingilia. "Asiyeona ndiye atangulie?"

"Huyu anakwenda ninaposema. Mdogo wangu anakwenda anapojisikia. Wewe ungemfuata nani?"

Askari akakuna shingo, akatupisha njia.

Nyuma huoni kitu, nawaambia. Unaona kisogo cha dada yako na mgongo wa kiti, basi. Njia yote iko upande wa pili.

"Karibu," shemeji akasema bila kugeuka. "Sasa tuko wawili tusioona. Raha ya huku, huna haja ya kujifanya unaona."

"Hatua mbili," dada akasema. "Jiwe, urefu wa goti. Mbele panda. Nyuma subiri. Nyuma inua, sasa."

Nikainua. Gurudumu likapita kama limepakwa mafuta. Mara kadhaa neno lilinifika kwenye meno nikalimeza. Baadaye nikagundua bomba lenyewe linaleta habari. Shemeji akipanda, viganja vyangu vinajua. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anausoma mlima hivyo, na mimi nampigia kelele.

Chini kidogo ya kilele pakawa na kokoto tupu, unapanda hatua unarudi nusu.

"Zimebaki dakika ishirini," askari akasema.

Damu ikanichemka. "Dada, tukaze?"

"Kimya huko nyuma. Mguu. Pumua. Mguu. Pumua."

Gurudumu likaanza kuteleza. Viatu vyangu vikazama, bomba likanikaa kifuani. Ghafla uzito ukapungua. Askari alikuwa ameweka bega kando yangu, hakuna aliyemwomba.

"Niwaambie nini?" akaninong'oneza.

"Usiseme kitu," nikamwambia. "Msikilize yeye."

Mguu. Pumua. Sijui mara ngapi.

"Weka chini," dada akasema.

Nikaweka, nikasubiri neno linalofuata. Halikuja. Nikachungulia pembeni ya kichwa chake, na mbele hapakuwa na mlima tena. Upepo tu, na vipande vya mawingu chini yetu.

Saa sita kasoro dakika nne. Askari akaandika palepale, amesimama, kwamba kiti kinafaa. Dada akanyoosha mkono, akalisoma daftari.

"Ongeza hapa," akasema. "Anayeongoza ni aliye kwenye kiti."

Akaongeza.

Kushuka ndiko kwenye kazi kuliko kupanda, na mimi kusubiri siwezi. Nikashika bomba, kisha nikaliachia.

"Dada, tunashukaje? Nani mbele?"

"Ngoja," akasema. Alikuwa amemshika shemeji mkono, anamwonyesha kwa kidole cha shemeji mwenyewe mto uko wapi, mji uko wapi. "Bado namweleza mume wangu."